Daftari Lililokuja na Simu

"Simama hapo hapo, dada. Ukivuta, unaondoka na duka langu lote."

Pindo alisimama. Ilikuwa saa nne asubuhi, na ukumbi wa chini wa jengo la maduka ulikuwa umejaa hadi watu walipita kwa bega. Alikuja kununua zipu na uzi, akiwa na haraka ya mtu aliyeacha cherehani imesimama. Msukumo wa watu ulimtupa kando, na vishada vya mtandio wake vikanasa kwenye nyaya za chaja zilizoning'inizwa mbele ya meza ya fundi simu.

"Usiguse," alimwambia fundi, ambaye tayari alikuwa ameshika koleo dogo. "Hilo litakata. Niachie mimi."

Vidole vyake vilikwenda upesi, kishada baada ya kishada, bila kukatika uzi hata mmoja. Fundi alimtazama. Pindo alivaa gauni la zambarau iliyokolea lenye kola ndogo nyeupe, na upindo wake wa chini ulishonwa kwa mkono, mishono midogo kama chembe za mchanga. Kwa ajili ya mishono hiyo shangazi yake alimwita Pindo tangu akiwa na miaka minane, na jina la kwenye cheti likabaki la ofisini tu.

Naye alimtazama fundi. Alikuwa kijana mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ilisimama.

"Kifungo chako cha tatu si ndugu wa hao wengine," alisema.

Fundi alijishika kifuani. "Nalivaa mwaka wa pili huu. Hakuna aliyeona."

"Waliona. Walikuonea haya tu."

Fundi huyo wenzake walimwita Ufagio. Simu yoyote iliyofika mezani kwake, hata kama ililetwa kubadilishwa kioo, ilirudi kwa mwenyewe ikiwa imefagiliwa. Aliiunganisha na kompyuta kwa waya, akang'oa programu zote zilizotoka nayo kiwandani ambazo mwenye simu hakuziomba. "Hawa ni wapangaji waliohamia kabla ya mwenye nyumba," alipenda kusema, na wateja walicheka, simu zao zikaenda mbio.

Pindo alitoa simu yake ili aangalie urefu wa zipu alizotumwa. Kioo kilibaki cheupe kwa muda mrefu.

"Hiyo inapumua kwa shida," alisema Ufagio. "Hebu nione. Haya, tazama mwenyewe. Kalenda mbili. Madaftari mawili. Kinasa sauti. Dira! Dira ya nini, dada? Unatoka nyumbani unaingia kwenye cherehani. Utapotea wapi?"

"Nani amekwambia ninashona?"

"Una sindano kwenye kola."

Pindo aliigusa, akacheka bila kutaka. "Vimekuja na simu, acha vikae. Havinisumbui."

"Vinakusumbua, hujui tu."

"Dakika tano tangu tuonane, umeshajua kinachonisumbua?"

"Nipe namba yako, nitakujulisha kila kitakachojitokeza."

Alimpa. Hakujua kwa nini, ila njia nzima aliikumbuka ile sauti.

Saa saba mchana ikawa saa yao. Simu ililia, Pindo akatoa pini mdomoni, akaipokea.

"Umekula, kipenzi?"

"Nakula na uzi mdomoni."

"Shangazi yupo?"

"Yupo. Anajifanya anapiga pasi."

"Mpe salamu zangu."

"Anasema ameshazisikia, uongeze sauti kidogo."

Shangazi huyo ndiye aliyemlea Pindo, na karakana ilikuwa yake: chumba kimoja kirefu chenye cherehani mbili nzima na moja mbovu, meza ya kukatia, sanamu la kuvalisha nguo lisilo na mkono, na chini ya meza sanduku la mbao lililojaa vipande vya vitambaa vya miaka yote. Siku Ufagio alipofika mara ya kwanza alitoa shikamoo, akaketi kwa adabu, kisha macho yake yakaanza kutembea.

"Shangazi, hili sanduku linatupwa lini?"

"Likitupwa, baba, na mimi nitakuwa ndani yake."

Wote walicheka. Lakini Pindo, aliyekuwa akibadilisha kile kifungo cha tatu, alisimamisha sindano kidogo kabla ya kuendelea.

Miezi mitatu baadaye kazi kubwa ilipatikana. Hoteli mpya iliyokuwa karibu kufunguliwa ilitaka sare za wafanyakazi thelathini na mmoja, magauni yenye kola kwa wanawake na mashati na vizibao kwa wanaume. Meneja wake, mwanamke mkavu aliyevaa suti ya kijivu na saa kubwa ya mkononi, alitaja masharti yake akiwa amesimama.

"Watu wangu wanapimwa mara moja. Wako kwenye mafunzo, sitaki waitwe tena. Jumamosi saa sita mchana nataka sare zote ziwe zimening'inia. Zikinipendeza, mapazia na vitambaa vya meza ni vyenu. Zisiponipendeza, tumemalizana."

Karakana ya shangazi ilikuwa imefikia kushona viraka na kufupisha suruali. Mapazia ya vyumba sitini yangeisimamisha tena. Kwa siku mbili Pindo alisimama kwenye chumba cha mashuka, utepe wa kupimia mkononi, akiandika kwenye simu kwa kidole gumba: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono. Watu thelathini na mmoja waliingia kwenye lile daftari la kijani lililokuja na simu, alilolitumia tangu siku ya kwanza kwa sababu lilikuwa hapo na halikumuuliza neno.

Jumapili hiyo Ufagio alimwambia, "Jumapili ijayo nataka kuja kuzungumza na shangazi. Mazungumzo ya heshima."

Pindo aliinamisha uso. "Mwambie mwenyewe. Mimi nitakuwa jikoni nasikiliza."

Jumatatu jioni alimkabidhi simu. "Inaganda nikiwa kazini, mpenzi. Ifanye iwe nyepesi kidogo. Kesho naanza kukata."

Ufagio aliifanyia kazi kama anayemsafishia mke nyumba. Alikumbuka kwamba Pindo huandika vipimo, hivyo alisimama kwenye yale madaftari mawili. Alikuwa na desturi mbili alizojivunia. Ya kwanza: pacha wawili wakiwamo ndani ya simu moja, mmoja anaondoka, na siku zote aliondoa wa kiwandani, kwa kuwa hakuwahi kukutana na mtu anayemtumia. Ya pili ilikuwa ya heshima: fundi hasomi ya mtu. Hakufungua hata moja. Aliacha daftari la bluu, akafuta la kijani, na programu nyingine kumi na tisa. Simu ikawaka kama mpya. Aliirudisha usiku haujaingia, akiwa na furaha.

Jumanne asubuhi Pindo alitandaza kitambaa juu ya meza. Kwanza alikata vya watu tisa aliokuwa amewaandika pia kwenye karatasi, siku ya kwanza simu ilipoganda. Ilipofika saa nne alichukua simu atafute cha kumi.

Alitafuta kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alifungua daftari la bluu, halikuwa na neno. Aliizima simu, akaiwasha.

"Kuna nini?" aliuliza shangazi, pasi juu.

Pindo alimpigia Ufagio.

"Kipenzi, umeonaje kasi yake? Sema asante kwa fundi..."

"Daftari la kijani liko wapi?"

"Lile la kiwandani? Nimekuondolea. Nimekuachia la bluu, ndilo zuri."

"Vipimo vilikuwa ndani."

Kelele za ukumbi wa maduka zilisikika upande wa pili, mtu akinadi viatu. Kisha Ufagio akasema kwa sauti ndogo, "Nakuja."

Alifika na kompyuta kwapani, jasho likimtoka. Aliunganisha waya mezani juu ya kitambaa cha sare, kando ya ile karatasi ya majina tisa. Pamoja na programu nyingine zote zilizofutwa, daftari la kijani lilirudi, picha yake ikatokea mahali pake pa zamani, na Pindo akashusha pumzi. Aliligusa. Lilifunguka jeupe, likiwa na maneno machache katikati: Bonyeza hapa kuanza kuandika.

"Halina akiba mahali pengine?" aliuliza.

"La kiwandani hili huweka ndani ya simu tu. Likifutwa, linaondoka na vyake."

"Ungelifungua, ungeona."

"Pindo, fundi hasomi simu ya mtu."

"Ila anafuta."

Ufagio alifunga kompyuta. "Nilidhani nakusaidia. Ulisema iwe nyepesi."

"Nilisema kidogo. Hukuniuliza hata kitu kimoja. Ungepiga simu, ungesema, mpenzi, hili unalitumia? Neno moja tu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Ufagio. "Wewe ukiona kitu hukijui kazi yake, unasema hakina kazi. Siku ya kwanza ilikuwa dira. Kisha likaja sanduku la shangazi. Leo ni daftari. Nikiishi nawe utamfikia na shangazi mwenyewe, maana na yeye nimekuja naye."

"Usiseme hivyo."

"Jumapili usije."

Shangazi alitazama pasi yake. Ufagio alisimama kidogo, labda mtu angesema neno. Alichukua kompyuta, akatoka, waya ukiburuzika nyuma yake.

Siku ile alipiga mara kumi na moja. Simu ilitetemeka mezani kama mdudu aliyeanguka chali, na Pindo akaendelea kushona zile tisa.

"Pokea basi," alisema shangazi.

"Nikipokea nitalia, na nikilia nitashona vibaya."

"Utamwambia nini yule mama wa hoteli?"

"Kesho nitakwenda kumwambia ukweli. Kazi itakuwa imekwenda."

Saa tisa alasiri simu iliacha kutetemeka. Ukimya huo ulimuuma kuliko milio yote kumi na moja.

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa anafunga mtandio aende hotelini wakati simu ilipolia. Ilikuwa namba ya meneja.

"Mshonaji, kuna mwanamume kwenye mlango wangu wa nyuma anakusanya nguo za wafanyakazi. Ana gunia. Tangu saa kumi na mbili. Jana pia alionekana hapo wakati watu wanatoka. Nataka kuwaita walinzi, lakini ametaja jina lako. Ni wako?"

Pindo alikaa kwenye kiti bila kukiangalia. Aliona haraka sana njia mbili. Akisema simjui, angeweza bado kutafuta uongo mwingine wa kuombea siku mbili tatu. Na yule kijana angebebwa na walinzi na gunia lake.

"Ni wangu," alisema.

"Anafanya nini?"

"Vipimo vyako vimepotea. Kosa limetokea kwetu. Nadhani anaomba kila mtu nguo moja inayomkaa vizuri, ili tupime nguo badala ya watu. Ulisema watu wasiitwe tena."

"Kwenu kwa nani? Wewe ndiye uliyepima."

"Kwetu."

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Jumamosi, saa sita," alisema meneja. "Ikipwaya moja au ikibana moja, nazirudisha zote thelathini na moja. Na huyo wako aondoke mlangoni, anayazuia magari ya mboga."

Ufagio aliingia saa mbili na nusu akiwa na gunia begani. Hakumtazama Pindo. Alitoa shikamoo kwa shangazi, akapewa marahaba fupi, akaanza kupanga nguo juu ya meza moja moja. Kwenye kila kola alibandika karatasi ndogo, zile alizotumia kuandikia simu za wateja: ni ya nani, inaumwa nini, inachukuliwa lini.

Pindo alisoma. Mpishi wa mikate: inambana kwapani. Mhudumu mrefu wa mapokezi: mikono mifupi, anaona aibu. Dada wa usafi, wa ghorofa ya pili: ni mjamzito, hajamwambia meneja, aongezewe kiunoni. Bawabu: hana malalamiko. Ishirini na mbili, hakukosekana hata mmoja.

Kwa vipimo tu asingeyajua yale. Utepe haukuwa umemwambia kwamba mhudumu wa mapokezi anaona aibu.

"Nilimuuliza kila mmoja," alisema Ufagio, akiangalia meza.

"Naona."

"Niondoke?"

Pindo alikuwa ameshafungua utepe. "Unajua kushona vifungo?"

"Sijui."

"Keti pale. Shangazi atakufundisha."

Siku tatu walikaa hivyo. Pindo alipima na kukata, shangazi akarudi kwenye cherehani aliyokuwa ameiacha siku nyingi, na Ufagio alitoboa vidole vyake kwa sindano akiwa amekunja mikono ya shati. Meza yake ya simu ilifunikwa turubai. Pindo hakumwita mpenzi wala kwa jina. Alisema "lete", alisema "hapana, fumua". Mara moja tu, Ijumaa, alipoona ameshona kifungo cha rangi nyingine, alikishika kizibao juu akasema, "Huyu si ndugu wa hao wengine," kisha akageuka upesi kabla Ufagio hajajua kama acheke.

Jumamosi saa tano na dakika ishirini sare zilikuwa zimening'inia kwenye ukumbi wa hoteli. Meneja alisimama na saa yake kubwa, wafanyakazi wakitoka mmoja mmoja. Alivuta mabega, akaingiza kidole kwenye kola, akawaamuru wainue mikono. Mpishi wa mikate aliinua yake hadi juu, akatabasamu. Mhudumu wa mapokezi alitazama viganja vyake kama aliyepewa mikono mipya. Dada wa usafi alipita, na meneja hakuona kitu.

Wa thelathini na moja alikuwa bawabu. Alitoka ameshikilia kizibao kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Achia," alisema meneja.

Aliachia. Vifungo na matundu yake vilitengana kwa upana wa viganja viwili.

"Shati ulilonipa," Ufagio alimnong'oneza, "ni la lini?"

Bawabu, mtu mzima mwenye mvi, alitazama kiatu chake. "La nilipooa. Linanikaa vizuri... lilikuwa linanikaa."

Wenzake waliangua kicheko. Meneja hakucheka. "Nilisema ikibana moja."

"Ulisema saa sita," alisema Pindo. Alimgeuza bawabu mgongo. "Bado dakika ishirini na tano. Ni mgongo tu. Nitaongeza ukanda wa kitambaa katikati, utadhani ni mtindo."

"Una kitambaa?"

Pindo alimgeukia shangazi. Kitambaa chote kilikatwa. Kilichobaki ni masalio, na masalio ya shangazi hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Sanduku," walisema wote wawili.

Ufagio alikuwa ameshatoka. Alikimbia mitaa minne katikati ya magari na mikokoteni, na alirudi baada ya dakika kumi na mbili, shati limemgandama mgongoni, amebeba sanduku zima la mbao kichwani.

"Ungeleta kipande kimoja tu," alisema shangazi.

"Sikuthubutu kuchagua," alijibu, akihema.

Pindo alimtazama, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha akapiga magoti juu ya sakafu ile inayong'aa, akafumua mgongo wa kizibao kwa wembe. Kipande cha kitambaa cha vizibao kilikuwa karibu na juu, na urefu wake ulitosha kwa bahati tu. Alishona kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana, bawabu akiwa amesimama na singlendi kama mtoto anayesubiri kuogeshwa. Ufagio alishika ncha ya kitambaa alivyoelekezwa na hakuisogeza.

Saa sita kasoro dakika moja bawabu alifunga kifungo cha mwisho. Akavuta pumzi. Kikashika.

Meneja alimzunguka mara mbili. "Mgongo huu unapendeza kuliko wa wengine," alisema hatimaye. "Jumatatu njooni mpime madirisha. Na mwandike kwenye karatasi."

Nje, shangazi alitangulia, akidai anataka kuona vikombe kwenye dirisha la duka la jirani, yeye ambaye hakuwahi kusimama dirishani maishani mwake. Wawili walibaki kwenye ngazi za mlango wa nyuma, sanduku katikati yao.

"Nimekuvunjia heshima mbele ya kazi yako," alisema Ufagio. "Nilidhani kumpenda mtu ni kumwondolea mzigo. Sikuuliza kama ni mzigo. Nisamehe."

Pindo alivuta uzi uliokuwa umenata kwenye mkono wa shati lake. Vidole vya fundi vilikuwa vimejaa alama nyekundu za sindano.

"Kesho ni Jumapili," aliendelea Ufagio. "Ulisema nisije. Nauliza tu, nije?"

Pindo alitoa simu kwenye mkoba, akaifungua, akampa.

"Ulivyorudisha daftari, ulirudisha na takataka zote. Inaganda tena. Isafishe."

"Sina kompyuta hapa."

"Taja tu. Ya kufuta utayakumbuka."

Ufagio aliishika kwa mikono miwili kama anayepewa chai ya moto. "Kalenda ya pili. Unaitumia?"

"Futa."

"Kinasa sauti?"

"Acha. Shangazi huimba akishona, hajui namnasa."

"Daftari la bluu?"

"Futa hilo, silitaki machoni pangu."

Alicheka kidogo, akatelezesha kidole. Akasita.

"Dira. Umewahi kuifungua?"

"Sijawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata moja."

"Basi nifute?"

Pindo alinyanyua upande wake wa sanduku, akangoja naye anyanyue upande wa pili.

"Iache," alisema. "Siku moja tunaweza kupotea."